Mangungo, chokaa na fundi rangi

Leo naomba tuzungumze habari za rangi ya nyumba. Msicheke kwanza! Najua wengi mmezoea tukikutana hapa tunachambua siasa na mpira, lakini niacheni leo niingie kwenye kuta, maana ukuta uliobanduka rangi una historia ndefu nyuma yake kuliko tunavyodhani.

Ukitaka kujua kwamba sikukuu inakaribia Tanga, huhitaji kalenda. Tembea Ngamiani kwenye zile barabara zetu za namba, pita Makorora, rudi Chumbageni. Utakuta ngazi zimeegemezwa ukutani, ndoo tupu zimekaliwa na watoto, na fundi kafunga fulana kichwani. Wiki mbili baadaye, sikukuu ikishapita, utapita mitaa hiyo hiyo na utasikia kelele. Mwenye nyumba anadai alilipia mikono miwili na fundi kapiga mmoja. Fundi anadai alikubaliana vyumba vinne, halafu akaongezewa jiko, choo na geti "hapo hapo, si unamalizia tu". Mama mwenye nyumba anasema rangi imechakachuliwa kwa maji. Fundi anajibu kwamba ukuta ulikuwa na chokaa ya zamani na alisema tangu mwanzo, ila hakusikilizwa. Wote wawili wanaapa kwa Mungu. Mjumbe anaitwa, anakuna kichwa, anauliza: "Mliandikiana?" Kimya.

Kimya hicho ndicho ninachotaka kukizungumzia. Inakuwaje watu wa pwani, ambao babu zao walikuwa wanaandika barua na hati kwa herufi za Kiarabu kabla Mzungu hajafungua shule hapa, leo tunamkabidhi mtu nyumba nzima na pesa ya ndoo sita za rangi kwa maneno ya mlangoni?

Jibu la haraka ambalo utapewa kijiweni ni moja: kuandikiana ni kutoaminiana. "Kwani unaniona mwizi?" atasema fundi. "Huyu ni kijana wa hapa hapa, namjua mama yake," atasema mwenye nyumba. Nadhani lakini kuna sababu ya pili, imejificha zaidi. Neno lenyewe "mkataba" kwetu Watanzania lina harufu mbaya. Kila aliyekaa darasa la historia nchi hii anajua jina la Mangungo. Ikitajwa tu mikataba ya madini au ya umeme, kuna mtu atasema "hii ni mikataba ya kina Mangungo". Tumefundishwa kwamba karatasi ndiyo iliyotuponza. Mimi nadhani somo lile tulilisoma nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu fundi rangi.

Turudi nyuma kidogo basi.

Novemba 1884, kijana wa Kijerumani aitwaye Karl Peters, umri miaka 28, alivuka kutoka Unguja na wenzake wakashukia Saadani, huku huku kwenye pwani yetu ya kaskazini. Kutoka hapo wakaingia bara wakikusanya mikataba katika Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. (Usagara ya Kilosa, si ile yetu ya hapa mjini!) Tarehe 29 Novemba wakawa Msovero kwa Mangungo. Tarehe 27 Februari 1885, miezi mitatu tu baadaye, kampuni ya Peters ikapata hati ya ulinzi ya Kaiser kule Berlin kwa nguvu ya karatasi zile.

Karatasi ya Msovero ipo na maneno yake yanajulikana. Ukiisoma kwa jicho la mtu anayeajiri fundi, utashangaa. Upande wa Mangungo umeandikwa kwa ukamilifu wa kutisha: anatoa eneo lote, pamoja na haki zote, kwa muda wote, bila kikomo. Upande wa Peters je? Anaahidi kwamba, wakati wa kuitawala Usagara, Msovero itapewa uangalizi wa pekee. Basi! Uangalizi wa namna gani? Kiasi gani? Kuanzia lini? Hakuna. Halafu mwishoni kuna maneno kwamba mkalimani aitwaye Ramazan amemweleza Mangungo yote kwa uwazi. Yaani karatasi inajitolea ushahidi yenyewe kwamba imeeleweka, kwa lugha ambayo mmoja wa waliotia alama haijui.

Sasa hebu niambieni. Tatizo la Mangungo lilikuwa kwamba aliandikiana? Au kwamba maneno yalitungwa na upande mmoja, kwa lugha ya upande mmoja, na vipimo vikawekwa upande mmoja tu? Kama Peters angebaki na maneno ya mdomo, Bismarck angekosa kitu cha kuweka mezani. Karatasi ilikuwa na nguvu kweli. Ila nguvu yake yote ilikaa mkononi mwa aliyeishika kalamu.

Miaka minne baadaye jambo kama hilo likatugusa sisi wa pwani moja kwa moja. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba na kampuni ile ile ya Wajerumani. Aliwapa usimamizi na ushuru wa pwani kuanzia mto Umba, kaskazini mwa Tanga, hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Karatasi ilisema usimamizi utakuwa kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Agosti 1888 maofisa wa kampuni wakaingia mijini. Pale Pangani, ofisa aitwaye Emil von Zelewski akataka bendera ya kampuni nayo ipepee. Liwali akakataa. Watu wa Pangani wakaona wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wakubwa wawili walikubaliana Unguja, na wao waliotakiwa kutii hawakuitwa, hawakusomewa, hawakuulizwa. Vita ikawaka pwani nzima, chini ya Abushiri bin Salim kwa upande wa Pangani, na ilipokwisha Abushiri alinyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Sisemi kwamba vita ile ililetwa na sentensi moja ya mkataba. Kulikuwa na ushuru, kulikuwa na ardhi, kulikuwa na dharau. Lakini angalieni kitu kimoja kinachofanana Msovero na Pangani: anayefungwa na maneno hakuwa ndiye aliyeyatamka.

Na hapa ndipo napenda kuwakumbusha kwamba pwani hii ilikuwa na somo lingine, la zamani kuliko Peters, linalosema kinyume kabisa. Wanaosoma Kurani wanajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, haihusu vita wala pepo. Inahusu kuandikiana! Inaagiza watu wanapokopeshana kwa muda maalumu waandike, mwandishi awepo kati yao na aandike kwa haki, mashahidi wawepo, watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Biashara ya papo kwa papo, nipe nikupe, imeruhusiwa bila karatasi. Lakini kuna kipengele ambacho huwa hatukisimamii sana: anayemsomea mwandishi maneno ya kuandika ni yule mwenye kudaiwa. Aliyefungwa ndiye anayetamka. Na kama hawezi, msimamizi wake anatamka kwa niaba yake kwa haki.

Ona ukubwa wa jambo hilo. Mwenye nguvu, yaani mwenye pesa yake, anakaa kimya. Mwenye wajibu anasema kwa kinywa chake mwenyewe: nimechukua kiasi hiki, nitarudisha siku fulani. Akishasema mwenyewe, hawezi kudai kesho kwamba hakuelewa. Na aliyemkopesha hawezi kuongeza neno ambalo mwenzake hakulisema. Ramazan wa Peters hana kazi hapo.

Wasomaji wasio Waislamu wasidhani nawahubiria. Nazungumzia historia ya mahali. Dini hii imekuwa pwani kwa karne nyingi, na fikra zake kuhusu deni na ujira zimeingia kwenye mila zetu wote, hata kwenye ule msemo tunaouandika madukani: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tulikuwa nalo. Mwenye duka wa Pangani hakusubiri shule ya Wajerumani ya Tanga, iliyofunguliwa miaka ya 1890, ili ajue kuandika nani anadaiwa nini.

Sasa tuje kwenye rangi yenyewe, maana nayo ina historia.

Kwa karne nyingi rangi ya nyumba ya pwani ilikuwa moja tu: chokaa. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakageuka unga, unga ukazimwa kwa maji na kuachwa ukomae. Chokaa hiyo hiyo ilishika mawe ya ukuta, ikapiga lipu juu ya mawe, na mwisho ikapakwa juu ya lipu ili nyumba iwe nyeupe. Nendeni Tongoni, yapata kilomita 20 kusini mwa Tanga mjini, mkaangalie msikiti na makaburi ya nguzo ya karne za 14 na 15. Mabaki ya lipu yao ni chokaa tupu, na bado yameshika.

Kwa utaratibu ule, maelezo ya kazi hayakuwa na haja ya kuandikwa. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu alijua. Kitu kilikuwa kimoja, namna ya kupaka ilikuwa moja, fundi alijifunza kwa baba yake, na mwenye nyumba aliona tangu utotoni. Ukisema "nipakie chokaa", umeshasema yote. Mila ndiyo iliyokuwa karatasi.

Leo ukisema "nipakie rangi", umesema nini? Rangi ya maji au ya mafuta? Ya ndani au ya nje? Puti ipigwe au isipigwe? Praima je? Mikono mingapi? Jina gani kwenye ndoo? Rangi ya maziwa ya dukani kwa Mpemba, au ile maziwa uliyoiona kwa jirani, ambayo ilichanganywa kwa mashine na ina namba yake? Bidhaa zimeongezeka, lakini maneno yetu ya makubaliano yamebaki yale ya enzi za chokaa. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, na wala si lazima awepo mwizi. Watu wawili waaminifu kabisa wanaweza kugombana kwa sababu kila mmoja alikuwa na picha yake kichwani.

Wenzetu wengine walishalijua hili zamani sana. Kuna jiwe lenye maandishi ya kazi ya mwaka 105 kabla ya Kristo katika mji wa Puteoli, kusini mwa Italia, siku hizi unaitwa Pozzuoli. Jiwe hilo ni maelezo ya kazi ya ujenzi: kufungua mlango kwenye ukuta mbele ya hekalu la Serapis. Ukisoma utadhani limeandikwa na mkadiriaji majenzi wa Dar! Limetaja urefu wa mbao za mwaloni kwa futi. Limetaja sehemu ya chokaa iliyozimwa katika mchanganyiko, robo. Limetaja kwamba mawe ya kujengea yasizidi uzito wa ratili 15. Na wadau, limetaja rangi: kuta zote ambazo hazijapigwa lipu zipigwe lipu ya chokaa na mchanga, zisawazishwe, kisha zipakwe chokaa nyeupe. Halafu malipo: nusu inatolewa fundi akishaweka dhamana, nusu nyingine kazi ikikamilika na kukubaliwa. Nani anakubali? Baraza la mji, wasipungue watu 20, wakiwa wamekula kiapo. Mwisho kuna jina la aliyechukua kazi, Gaius Blossius, na bei, sesterti 1,500.

Zaidi ya miaka 2,000 imepita na bado tunaweza kukagua kazi ya Blossius kwa mistari ile. Na tazama uungwana wake: mji umefungwa pia. Siku ya kulipa imeandikwa, njia ya kukubali kazi imeandikwa. Mkubwa mmoja hawezi kuja na kusema "sijaipenda tu" akakataa kulipa. Wale wa Puteoli waliandika pande zote mbili, kitu ambacho Peters hakukifanya Msovero.

Na sheria ya hapa kwetu inasemaje? Waingereza walipochukua Tanganyika walituletea Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ikatumika hapa kuanzia 1920 mpaka tulipopata sheria yetu wenyewe mwaka 1961, ambayo kwa sehemu kubwa iliifuata ile ya India. Kwa sheria hiyo, makubaliano ya mdomo ni mkataba halali. Kwa hiyo fundi aliyekubaliana kwa mdomo ana haki zake, asidanganywe na mtu. Lakini kuna kifungu cha 29 cha ile sheria ya India kinachosema kwamba makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana ni batili. Mfano uliotolewa na sheria yenyewe ni wa mtu aliyekubali kumuuzia mwenzake tani 100 za mafuta bila kusema mafuta gani. Mafuta ya nazi? Ya taa? Ya kula? Hakuna mkataba hapo. Kile kimya cha mbele ya mjumbe kinatokana na "nipakie rangi nzuri", maneno ambayo ni ndugu wa damu wa hizo tani 100.

Kuna upande wa pili pia, na huu wenye kupenda mikataba ya haraka haraka wausikie. Kwa sheria ya ushahidi, mkishaweka makubaliano yenu kwenye maandishi, kwa kawaida mahakama itashika maandishi, na maneno ya mdomo ya kuyapinga yatapata shida sana kusikilizwa. Kwa hiyo karatasi yenye mistari miwili, "Nimempa fundi fulani kazi ya rangi, bei hii, sahihi", ni hatari kwa wote wawili. Mmeandika bei na mkaacha kazi. Mmeandika kama Peters, ila safari hii hamjui ni nani kati yenu atakuwa Mangungo.

Basi tuandikeje? Mimi si fundi wala mwanasheria, lakini kwa kuzungumza na mafundi na kusikiliza kesi za barazani, mambo yenyewe nimeyaona ni machache. Daftari la shule linatosha, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili.

1. Mahali. Tajeni chumba kwa chumba, na nini hakimo. "Vyumba vitatu, sebule na ukumbi, dari, geti na madirisha ya chuma havimo." Neno "havimo" linaokoa urafiki mwingi.

2. Maandalizi. Hapa ndipo kazi ya rangi inapokufa au kupona. Chokaa ya zamani inayotoka unga ikwanguliwe na kupigwa msasa, maana rangi ya maji ukiipaka juu ya unga itabanduka na unga wake. Weusi wa kuvu uoshwe na ukuta ukauke. Chumvi inayochanua ukutani, ambayo pwani tunaijua sana, isugulwe na chanzo cha unyevu kitafutwe kwanza. Lipu mpya ya saruji iachwe kama wiki nne kabla ya kupakwa.

3. Rangi. Aina, jina lililo kwenye ndoo, na namba kama imechanganywa kwa mashine. Nani ananunua, nani anatunza risiti, na mabaki ni ya nani. Andikeni pia kwamba maji yataongezwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye ndoo.

4. Mikono. Praima mkono mmoja, rangi mikono miwili, na saa ngapi kati ya mkono na mkono.

5. Kipimo cha kukubali. Fundi apake kwanza kipande cha mita moja kwa moja, mkikubaliana kiachwe kama sampuli, na nyumba nzima ilinganishwe na hicho. Hapo hakuna tena "sijaipenda tu".

6. Nyongeza. Kila kazi mpya ina bei yake, inaandikwa kabla ya brashi kugusa ukuta.

7. Muda na malipo. Lini inaanza, lini inaisha, mvua ikinyesha inakuwaje. Kutoka Machi hadi Mei huku kwetu masika haina adabu, kwa hiyo kuta za nje afadhali zisubiri. Malipo yagawanywe mara tatu: ya kuanzia, ya katikati baada ya maandalizi na mkono wa kwanza, na ya mwisho siku ya kukabidhi.

Hesabu nayo inasaidia kuliko kuapa. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 3. Mzunguko ni mita 14, mara 3 ni mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, tuseme 4, zinabaki 38. Mikono miwili ni 76. Rangi nyingi za maji kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10 kwa lita, kwa hiyo chumba hicho kinakula lita 7 na nusu hivi. Ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba viwili na nusu. Fundi akimaliza vyumba vitano kwa ndoo moja, mkono mmoja umekwenda wapi? Na mwenye nyumba anayempa fundi ndoo moja kwa vyumba vitano halafu akadai mikono miwili, huyo naye anataka miujiza. Mkiandika vipimo, hesabu inawaamulia kabla mjumbe hajaamshwa.

Kuna jambo moja zaidi linalouma, na hili ni la wenye nyumba za zamani, za Pangani hasa na zile za mjini Tanga zilizobaki. Nyumba ya mawe na chokaa inapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea kwenye lipu ya chokaa na kukauka. Ukiipiga saruji halafu rangi ya mafuta, umeiziba pua. Unyevu unabaki ndani, chumvi inakusanyika nyuma ya rangi, na baada ya misimu michache lipu inaanguka vipande vipande. Watu watasema nyumba ni mbovu kwa uzee. Kumbe imeuawa na maneno matatu, "paka rangi nzuri", kwa fundi ambaye hakuambiwa kwamba ukuta huu ni wa chokaa. Kwa nyumba kama hizo, karatasi yenye mstari mmoja, "lipu na rangi ni za chokaa, saruji isitumike", ni ulinzi tosha wa urithi, na haingoji bajeti ya wizara yoyote.

Narudi kwenye ule uzito wa "unaniona mwizi?" Nimeona dawa yake ni ile ya wazee: mwache fundi atamke. Mwenye nyumba ashike kalamu, fundi atembee chumba hadi chumba akisema kwa kinywa chake, "Hapa nitakwangua, hapa nitapiga puti, hapa mikono miwili, siku nne." Mwenye nyumba naye kwa wajibu wake wa kulipa atamke mwenyewe, "Nitatoa kiasi hiki asubuhi ya kuanza, kiasi hiki siku ya kukabidhi." Kisha yasomwe kwa sauti mbele ya shahidi mmoja au wawili, nakala mbili, kila mtu na yake. Fundi asiyejua kusoma vizuri naye analindwa, kwa sababu maneno ni yake. Na fundi mzuri atalipenda daftari hilo kuliko mwenye nyumba, maana ndilo litakalomlipa siku akiambiwa "malizia na geti".

Mangungo hakupewa nafasi hiyo, wala watu wa Pangani mwaka 1888. Sisi tunayo, kwa bei ya daftari na kalamu ya wino. Sikukuu inakuja. Mafundi na wenye nyumba, kabla hamjafungua ndoo, fungueni daftari.